Wembe, Denge na Lipiko: Historia Fupi ya Nywele za Mwanamume katika Uwanda wa Makonde

Husemwa mara nyingi na wazee wa Ndanda, Masasi na Newala kwamba mwanamume wa asili alikuwa mtu wa kichwa kilichonyolewa, na kwamba kijana afugaye nywele ameiga mambo ya wageni. Kauli hii si jambo dogo. Kwayo kijana huitwa mhuni kabla hajafungua kinywa chake. Kwayo pia historia ya mwili wa mwanamume katika nchi hii hufupishwa ikawa historia ya wembe peke yake. Makala hii yakusudia kuipima kauli hiyo kwa ushahidi wa namna tatu: hali ya nchi na ya nywele zenyewe, kazi za wachongaji, na maneno ya lugha.

Yafaa kwanza kueleza nywele zenyewe. Nywele za Waafrika wengi hutoka katika shina lililopinda, na unywele mmoja ukikatwa na kutazamwa huonekana bapa kuliko duara. Kwa sababu hiyo hujikunja tangu utosini, na mafuta yatokayo katika ngozi hayashuki kwa urahisi mpaka nchani. Basi nywele hizi hukauka upesi, hushikana, na hukatika zikichanwa kwa nguvu zingali kavu. Yeyote azifugaye hana budi kuwa na vitu vitatu: maji ya kuzilowesha, mafuta ya kuzilainisha, na chanuo chenye meno marefu yaliyoachana. Lugha yenyewe yalijua jambo hili, maana kitenzi kitumikacho ni kufuga. Mtu hufuga mbuzi na kuku, navyo hufa asipovilisha. Vivyo hivyo hufuga nywele na ndevu.

Katika vitu hivyo vitatu, mafuta hayakuwa haba. Ufuta hustawi sana katika wilaya za kusini, mbarika huota hata kando ya nyumba na hutoa mafuta ya nyonyo, na mafuta ya nazi yaliletwa kutoka pwani. Chanuo kilichongwa na watu wale wale waliochonga vinyago. Lakini maji yalikuwa shida kubwa. Uwanda wa Makonde una udongo wa mchanga unywao mvua yote, hata juu yake hapana mito. Kwa vizazi vingi watu wa Newala walishuka ukingo wa uwanda kutafuta maji mabondeni na kupanda tena na mitungi, safari ya saa nyingi. Hata katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipoanzisha shirika la maji la Makonde, shida hiyo haikwisha. Ndanda, iliyo chini ya ukingo huo, ina maji. Watu wa juu ndio waliokuwa na dhiki. Hapana ajabu basi kama katika nchi ya namna hiyo wembe ulikuwa njia nyepesi ya usafi. Kichwa kilichonyolewa hakina chawa, mba zake huonekana mara moja, na mapunye hutibiwa kabla hayajaenea. Mswahili asemapo kwamba mtu amenyolewa bila maji, maana yake ametendwa bila huruma. Juu ya uwanda maneno hayo yaliweza kuwa kweli yenyewe, si mfano tu.

Lakini kunyoa kwa ajili ya usafi si dalili kwamba watu hawakujua namna nyingine. Ushahidi wa pili ndio unaolionyesha jambo hili. Wamakonde huchonga kinyago cha kuvaliwa kichwani kiitwacho lipiko, kwa wingi mapiko, ambacho huchezwa hasa wakati wa sherehe za kuwatoa vijana jandoni. Mapiko yenye umbo la kichwa kizima yametoka zaidi upande wa Mueda, ng'ambo ya mto Ruvuma, na Wamakonde wengi wa upande huo walivuka kuja Tanganyika wakati wa ukoloni kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Wachongaji waliyatia mapiko mengi nywele za watu halisi, ama kwa kuzibandika kwa nta ama kwa kuzipachika katika mti, na chale za uso wakazifanya kwa nta iyo hiyo. Nywele hizo hazikupandwa ovyo. Mara nyingi zina mpaka uliokatwa kwa uangalifu juu ya paji la uso, na mara nyingine zimeachwa sehemu moja na kuondolewa sehemu nyingine, kama kichwa kilichotoka sasa hivi mikononi mwa kinyozi stadi.

Ni kweli kwamba kinyago si picha. Mapiko mengine ni ya wanawake, mengine ya wageni, na mengine ya kuchekesha. Kwa hiyo haitafaa kuchukua kila kinyago kuwa ni sura ya mwanamume fulani. Lakini mchongaji hawezi kuchonga mpaka wa nywele ambao yeye na watazamaji wake hawakuujua. Kama lipiko lina shungi utosini na kipara pembeni, basi mtindo huo ulikuwa na maana kwa watu waliouona uwanjani.

Ushahidi wa tatu ni maneno. Waliotunga kamusi za Kiswahili katika karne ya 19 walikuta pwani msamiati ulio tayari. Kukata denge kulikuwa kunyoa pembeni na kuacha nywele utosini. Kukata panja kulikuwa kusawazisha nywele za kipaji na za pande za uso. Shungi lilikuwa fungu la nywele lililoachwa likue. Maneno hayo yamo katika kamusi, lakini vinyozi wengi wa leo hawayatumii. Ama kwa lugha za bara la kusini, kazi ilianza mapema pia. Edward Steere alichapisha mkusanyo wa maneno ya Kiyao mwaka 1871 na wa Kimakonde mwaka 1876, mwaka ule ule aliowapeleka watu waliokombolewa utumwani wakakae Masasi. Na Chauncy Maples alichapisha wa Kimakua mwaka 1879. Vitabu hivyo vilikuwa vidogo, navyo vilikusudiwa wamisionari waliotaka kuhubiri na kusafiri. Majina ya mitindo ya nywele hayakuwa haja yao. Basi imetokea kwamba pwani ina majina yasiyo na vichwa, na uwanda una vichwa vya mti visivyo na majina.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vikielekea mwisho, nchi ya Masasi na Newala ilitembelewa na Karl Weule wa Makumbusho ya Leipzig, aliyekuja na kamera, chombo cha kunasa sauti na chombo cha kupigia picha za sinema. Mwaka huo huo Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda. Baadaye Lyndon Harries, aliyekuwa mmisionari katika Dayosisi ya Masasi kabla ya kujulikana kwa kazi yake juu ya ushairi wa Kiswahili, alichapisha mwaka 1944 maelezo ya jando la Wamakonde. Katika jando, wembe una kazi isiyo ya usafi peke yake. Mvulana hunyolewa aingiapo, na atokapo hunyolewa tena, huogeshwa, hupakwa mafuta, huvishwa nguo mpya na kupewa jina jipya. Nywele za utoto huachwa nyuma pamoja na jina la utoto. Katika misiba kadhalika, wafiwa wa makabila mengi ya kusini hunyoa kuonyesha kwamba muda wa huzuni umefika kikomo. Wamaasai nao wana desturi inayofanana: moran hufuga nywele ndefu, huzisuka na kuzipaka udongo mwekundu, kisha mama yake humnyoa katika sherehe ya eunoto anapoukaribia utu uzima. Katika desturi zote hizi kunyoa ni tendo lenye maana kwa sababu kuna nywele za kunyolewa. Kichwa kisichokuwa na nywele kamwe hakiwezi kusema neno kwa wembe.

Dini mbili zilizoenea kusini katika karne ya 20 zilibadili hesabu hiyo. Uislamu una mafundisho yanayokataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, nao una desturi ya kumnyoa mtoto mchanga siku ya saba. Kwa mafundisho hayo denge likawa jambo la kukemewa, na kichwa kilichonyolewa chote kikawa alama ya uchaji. Kwa upande wa Wakristo, Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakulifuta jando bali alilitia ndani ya ibada ya Kanisa. Hivyo wembe ulibaki mahali pake. Shule nazo zilitaka kichwa kifupi kwa ajili ya usafi na nidhamu, na shule nyingi za Tanzania zingali zikitaka hivyo. Yaelekea mambo haya matatu, msikiti, misheni na shule, ndiyo yaliyofanya kichwa kilichonyolewa kionekane kuwa ndicho cha asili peke yake.

Baada ya uhuru nywele ziliingia katika siasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, nayo ilipiga marufuku nywele za bandia, mafuta ya kujichubua, sketi fupi na suruali za kubana. Kabla ya hapo, huko Kenya, picha ya Dedan Kimathi aliyekamatwa Oktoba 1956 ilikuwa imekwisha kuwaonyesha watu kwamba nywele ndefu zilizosokotana zaweza kuwa alama ya vita vya ukombozi. Kisha likaja neno rasta, lililotokana na jina la Ras Tafari, aliyetawazwa kuwa Mfalme wa Ethiopia mwaka 1930. Neno hilo lilipita Jamaika, likarudi Afrika kwa muziki wa rege, na katika Tanzania likageuka maana: leo mwanamke asukaye rasta huenda ametumia nywele za kiwandani, wala hana imani yoyote ya Kirasta.

Lililo muhimu zaidi kwa historia ya uwanda ni neno kiduku, na mwenzake panki. Vijana wa leo hunyoa pembeni na kuacha ukingo wa nywele katikati, tangu kipajini hadi kisogoni. Wazee huona humo mkono wa sinema za nje. Pengine ndivyo ilivyo kwa nia ya kijana. Lakini kwa umbo, kiduku ni ndugu wa denge, na mchongaji wa lipiko asingalikishangaa. Kinyozi wa leo naye husema anachonga nywele, yaani anazitengenezea mpaka kwa mashine. Kitenzi ni kile kile cha mchongaji, na mpaka ni ule ule.

Si kwamba kila cha zamani chafaa kurudishwa. Wembe mmoja uliotumika kwa wavulana wengi ulikuwa hatari, na tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983, watu wamefundishwa kwamba kila kichwa na kila mvulana awe na wembe wake. Hata mashine ya kunyolea huambukiza mapunye isiposafishwa. Wenye ndevu zilizojikunja nao hujua kwamba wembe unaokata chini mno hufanya unywele urudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Kinyozi aliyejua kazi yake alilowesha kwanza, akanyoa polepole, akapaka mafuta. Elimu hiyo haijachakaa.

Hata majina yatumiwayo kwa nywele yataka kuangaliwa. Kamusi hutofautisha nywele za kipilipili na nywele za singa, na mara nyingi watu husikia humo ubaya na uzuri, kana kwamba punje za pilipili ni kosa la kichwa. Maneno hayo ni ya watazamaji. Majina ya mafundi, yaani ya vinyozi, wasusi na wachongaji, yangekuwa na hesabu nyingine: hapa paachwe, hapa paondolewe, hapa pachongwe. Baadhi ya majina hayo huenda yamo bado katika vinywa vya wazee wa Newala, Mahuta na Masasi, na chale za nyuso zao ndizo za mwisho. Chale haifutiki mpaka mwenyewe azikwe, lakini hutazamwa na kuandikwa. Nywele huota tena kila juma, na kwa kuwa huota tena hapana aliyeona haja ya kuziandika.

Mswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mzee amwitaye kijana mhuni kwa sababu ya kichwa chake, na kijana adhaniye kwamba mtindo wake umetoka ng'ambo, wote wawili wamepoteza kitu kimoja. Mtu aliye tayari kukaa na wazee hao, akiwa na picha za mapiko mkononi na kuuliza kila mpaka wa nywele uliitwaje, ataweza kuwarudishia. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka ifanywe wangali hai.