Mateka walioiba mlima, na wenzao waliotuachia Kaloleni

Mwishoni mwa 2025 zamu ilifika Makongeni. Wakazi wa mtaa ule uliojengewa wafanyakazi wa reli walifunga virago kupisha nyumba za bei nafuu, na tangu hapo watu wa mitaa ya zamani ya Makadara hawalali vizuri. Maringo wanaulizana, Jericho wanaulizana, Kaloleni wanaulizana: tingatinga litafika lini kwetu? Sina ugomvi na nyumba mpya. Mtu aliyezaliwa katika chumba kimoja akalea watoto wake humo humo ana haki ya kutaka nafasi na mfereji usiokauka. Ila kabla ukuta haujaangushwa, ingefaa ijulikane ni mikono ya nani iliyouinua.

Chukua Kaloleni, jirani na Uwanja wa City, hatua chache kutoka Barabara ya Jogoo. Nyumba zake ni za chini, za mawe, zimepangwa kuzunguka uwanja na ukumbi wa jamii ulio katikati. Ukumbi huo ulikuwa jukwaa la wanasiasa wa kupigania uhuru hadi watu wakaubatiza jina la Bunge. Hayo yanajulikana. Yasiyosemwa sana ni yale ambayo wazee wa mtaa watakwambia bila hata kuulizwa mara mbili: mawe haya yalipangwa na Waitaliano. Mateka wa vita.

Na ukishataja mateka wa Kiitaliano, ni lazima utazame kaskazini, kuelekea Mlima Kenya.

Mwaka 1941 himaya ya Mussolini katika Afrika Mashariki ilisambaratika. Addis Ababa ilitekwa mwezi wa Aprili, Duke wa Aosta akasalimu amri Amba Alagi mwezi uliofuata, na Gondar ikaanguka Novemba. Maelfu kwa maelfu ya askari na raia wa Kiitaliano wakaletwa Kenya na kugawanywa kambini: Gilgil, Londiani, Nyeri, Nanyuki na kwingineko. Waingereza walikuwa wamepata mafundi wa bure. Anayeteremka bondeni kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu hulipita kanisa dogo lililojengwa na mateka hao mwaka 1942, walipokuwa wakichonga barabara ile kwenye mteremko. Watu husimama pale kupiga picha. Kaloleni hakuna anayesimama.

Mmoja wa mateka hao alikuwa Felice Benuzzi. Alizaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste, akasomea sheria Roma, na alikuwa mwogeleaji hodari. Mwaka 1938 aliingia utumishi wa kikoloni akapelekwa Ethiopia; kwa hiyo huyu hakuwa malaika, alikuwa karani wa mkoloni mmoja aliyekamatwa na mkoloni mwingine. Walimpeleka Kambi Namba 354, Nanyuki. Mvua zilikuwa zimeushika mlima na kwa muda mrefu hakuuona kabisa. Alfajiri moja mawingu yakafunuka, akauona wote, mweusi na mweupe, juu ya seng'enge. Akaamua kuupanda.

Si kutoroka kwenda kwao. Kutoka Nanyuki mtu mweupe asiye na karatasi angekwenda wapi? Msumbiji ya Wareno ilikuwa mbali mno. Yeye alitaka kutoka, kupanda mlima, na kurudi kambini.

Mambo mengi tunayoyajua kuhusu safari hiyo yametoka kwenye kitabu alichokichapisha mwenyewe mwaka 1947, Fuga sul Kenya, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1952. Kwa hiyo msomaji asishangae kwamba hadithi imemnyookea msimuliaji. Hata hivyo ni hadithi tamu, na mafundi wa Gikomba wangeielewa kuliko mabwana wa vyama vya wapanda milima, kwa sababu ni hadithi ya jua kali tupu.

Kwa miezi mingi yeye na wenzake walikusanya vifaa kwa siri. Nyundo ziliibwa zikageuzwa kuwa mashoka ya barafu. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu vilifuliwa kutokana na vyuma chakavu vya kambini. Kamba zilitoka kwenye nyavu za katani za vitanda vya mateka. Walizifumua usiku na kuzisokota upya. Mablanketi yakashonwa makoti. Chakula kiliwekwa akiba kidogo kidogo kutoka kwenye posho, na sigara ndizo zilizokuwa fedha za biashara hiyo yote. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni lebo ya mkebe wa nyama wenye jina Kenylon, iliyochorwa vilele vya mlima, tena upande ambao si ule watakaoukabili. Mtu aliyewahi kutafuta nyumba Buruburu kwa maelekezo ya simu anajua kidogo shida hiyo.

Lango la kutokea lilikuwa la bustani ya mboga nje ya seng'enge, ambako mateka waliruhusiwa kulima. Sura ya ufunguo wake ilichukuliwa kwa kuukandamiza kwenye donge la lami, na mwenzao fundi akachonga mwingine.

Wenzake wa safari walikuwa wawili. Giovanni Balletto alikuwa daktari kutoka Genoa, mtu aliyeuzoea mlima. Vincenzo Barsotti hakuwa mpandaji hata kidogo, ila kambini alisifika kwa wazimu wa kutosha kukubali safari ya namna hiyo. Tarehe 24 Januari 1943 walitoka, wakaacha barua ya kumwarifu mkuu wa kambi, wakajificha mchana na kutembea usiku hadi walipoyavuka mashamba ya walowezi. Kisha wakaufuata Mto Nanyuki kupanda msituni. Silaha hawakuwa nayo, na msitu ule ulikuwa na ndovu, vifaru na nyati waliokuwa hawajaambiwa habari za vita.

Walipofika juu, Barsotti alikuwa mgonjwa, wakamwacha hemani. Benuzzi na Balletto wakajaribu Batian.

Hapa lazima tueleze mlima wenyewe. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita. Ulikuwa mrefu zaidi ya hivi. Mvua na barafu vimeula. Kilichobaki katikati ni kizibo, yaani lava iliyogandia kwenye koo la volkano ikawa jiwe gumu kuliko kila kilichoizunguka. Kizibo hicho ndicho Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Huko hakuna kutembea, ni kuparamia ukuta kwa kamba. Kilele cha tatu, Lenana, mita 4,985, ndicho ambacho mtu mwenye miguu mizuri na subira anaweza kukifikia kwa kutembea, na ndicho wengi wetu humaanisha tukisema tumeupanda Mlima Kenya. Majina yote matatu ni ya viongozi wa Kimaasai, yaliyobandikwa na Mwingereza, juu ya mlima ambao Wakikuyu waliuita Kirinyaga na kumwomba Ngai wakiuelekea.

Batian iliwashinda. Walipambana na ukingo wa kaskazini-magharibi, theluji ikawapiga, wakarudi. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Februari, wakapanda Lenana, wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao. Chakula kikawa kimekwisha. Walishuka wakiwa wamedhoofu kwa njaa, wakaingia kambini kimyakimya, wakajikabidhi. Walikuwa wametoweka kwa siku 18.

Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi akaipunguza hadi siku 7, akisema anaheshimu moyo wao wa kimichezo. Bendera ilikutwa kileleni na wapandaji wa Kiingereza, habari ikaingia magazetini.

Siku 7! Ninapofika hapo huwa nasita. Waafrika wa Nairobi mwaka huo huo walitakiwa kutembea na kipande, na aliyekamatwa usiku bila ruhusa Donholm Road, kama ilivyoitwa wakati huo Barabara ya Jogoo, hakuna aliyemsifu kwa uanamichezo. Simlaumu Benuzzi kwa hilo. Lakini hadithi yake imependwa duniani kwa sababu inaonyesha mabwana wawili wakiheshimiana juu ya mlima wa mtu mwingine.

Na mlima huo ulikuwa na deni la zamani. Vitabu vya shule vinasema Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui mwaka 1849, na kwamba Halford Mackinder ndiye wa kwanza kufika Batian, tarehe 13 Septemba 1899. Reli ilikuwa imefika Nairobi miezi michache tu kabla. Mackinder alikuja nayo. Aliofika nao kileleni, César Ollier na Joseph Brocherel, walikuwa waongozaji kutoka milima ya Italia, kwa hiyo hata safari hiyo ya Kiingereza ilibebwa na Waitaliano. Ila msafara mzima ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Waafrika hao ndio walioutoa mzigo Nairobi na kuufikisha penye baridi, wengi wakiwa na shuka na miguu mitupu. Wawili kati ya Waswahili waliuawa walipotumwa kutafuta chakula.

Halafu kuna jambo baya zaidi. Shajara ya Mackinder ilipochapishwa mwaka 1991, watu waliona orodha ya wapagazi ambamo majina manane yamewekewa maelezo kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wasomi wamevutana tangu hapo. Wapo wanaosema ni ushahidi wa mauaji yaliyofichwa, na kwamba ndiyo sababu Mackinder hakuharakisha kuyachapisha maandishi yake katika maisha yake marefu. Wapo wanaosema maelezo mafupi hivyo hayatoshi kumhukumu mtu. Mimi si hakimu. Lakini majina manane ya watu wa pwani yameandikwa, na bonde linaloshuka magharibi mwa vilele, ambako wageni hulala kabla ya kupanda Lenana, lina kituo kinachoitwa kambi ya Mackinder hadi leo. Bonde la jirani linaitwa Hausburg, kwa jina la mwenzake. Laiti mpagazi mmoja tu angepewa hata kijito.

Kati ya Mackinder na Benuzzi ilipita miaka 44, na katika muda huo cha maana kilichotokea ni Eric Shipton na Percy Wyn-Harris kuupanda tena mwaka 1929 na kufika Nelion kwa mara ya kwanza.

Mwafrika aliyeingia katika kumbukumbu za vilele ni Kisoi Munyao. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza ilipokuwa ikishushwa Nairobi, Munyao alikuwa mlimani na bendera mpya ya Kenya, na picha yake akiwa ameishika imeonwa na kila mtoto aliyesoma historia nchini. Fikiria hilo kando ya hadithi ya Benuzzi. Mtaliano alipandisha bendera ya nchi iliyokuwa inashindwa vitani, akaja kuwa balozi, kitabu chake kinasomwa bado, na alifariki Roma mwaka 1988 akiheshimika. Munyao alipandisha bendera ya taifa jipya, akaishi miaka mingi bila cha kujivunia mfukoni, na magazeti yakamkumbuka kila ilipokaribia Sikukuu ya Jamhuri. Alifariki mwaka 2007. Ndipo hotuba zikaanza.

Mengine ya hadithi hii ni ya taratibu za ofisi. Mlima ulikuwa mbuga ya taifa tangu 1949, ukaingia katika orodha ya UNESCO mwaka 1997. Mwaka 2020, magari yalipopungua barabarani kwa sababu ya korona, ilisambaa picha ya vilele vikionekana nyuma ya majengo ya Nairobi, na nusu ya jiji ikaapa kwamba ni ya uongo. Wazee wa Eastlands waliokuwa wakiuona mlima asubuhi zisizo na moshi hawakuona cha kubishania.

Siku hizi vijana wa Jericho na Hamza huchanga fedha kwenye makundi ya simu, wakapanda matatu hadi Nanyuki, wakaingia kwa lango la Sirimon, wakalala kambi ya Shipton's, kisha wakaamka saa nane au tisa usiku kuielekea Lenana ili jua liwachomozee juu. Kichwa kinauma, hewa ni haba, na mpagazi aliyebeba mkoba wa mtu anatangulia huku akipiga gumzo. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda peke yake, na kuingia ni kwa malipo. Benuzzi na ufunguo wake wa lami wangerudishwa Nanyuki mapema sana.

Kaunti ikitaka pa kuanzia kuandika historia ya mitaa yetu kama mlima ulivyoandikwa, ianze na ukumbi wa Kaloleni. Iwaulize wazee wakiwa bado wapo, iandike ni nani waliojenga, katika miaka gani na kwa ujira gani, na ni familia zipi za kwanza zilizokabidhiwa funguo. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa nje wala kamati ya watu ishirini. Inahitaji kinasa sauti na mtu wa kukaa barazani wiki kadhaa, kabla mwanakandarasi hajaanza kuzungushia mabati.