Karantini ya ng'ombe, kizuizi cha Athi River

Jumatatu tarehe 6 Aprili 2020, Pasaka ikiwa imebakisha siku sita, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia saa moja jioni hiyo hakuna mtu angeingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake kwa siku 21. Mstari uliochorwa siku hiyo ulifika Athi River na Katani upande wa Machakos, daraja la Mto Chania kule Thika, na Kitengela, Kiserian na Ngong upande wa Kajiado. Kitui na Makueni hazikuwa ndani ya mstari huo. Lakini ukitoka Nairobi kwenda Wote, Kibwezi, Mutomo au Mwingi, upite barabara ya Mombasa, ya Kangundo au ya Garissa, huna budi kuuvuka.

Anayeijua stendi ya mabasi ya Machakos jijini Nairobi wiki ya Pasaka anaelewa uzito wa tangazo hilo. Nauli hupanda na watu huabiri vivyo hivyo. Juu ya basi hufungwa magodoro na mabati, chini ya viti husukumwa mifuko ya unga, sukari na mafuta ya kupikia. Mwaka huo waliowahi waliondoka kabla ya saa moja. Waliobaki walibaki katika vyumba vyao Mukuru, Pipeline na Kayole, wengi wao vibarua ambao kazi zilikuwa zimekwisha kusimama, huku wazazi wakiwangoja ng'ambo ya kizuizi.

Historia ya korona nchini Kenya imeandikwa mno kutoka upande wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta: nani aliruhusiwa kutua, alionyesha cheti gani, alikaa karantini siku ngapi. Mambo hayo yana nafasi yake. Ila kwa watu wa Kitui na Makueni, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 2.1, masharti ya safari yaliyowapata ni ya barabarani, na hayakuwa ya kwanza katika historia yao.

Wakamba, wenyeji wa kaunti hizi, ni watu wa njia tangu kale. Katikati ya karne ya 19 misafara yao ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na mkubwa wa misafara hiyo aliyejulikana zaidi alikuwa Kivoi wa Kitui. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1849, na ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba, alipouona Mlima Kenya kwa mbali. Hakuna aliyemwomba Kivoi kibali cha kupita. Njia ilikuwa yake kwa sababu aliijua: visima vilipo, wa kujadiliana naye ni nani, na msimu gani usithubutu kuondoka.

Nusu karne baadaye reli ilikuwa ikijengwa kupitia Kibwezi na Makindu, nayo ikafika Nairobi mwaka 1899. Miaka hiyohiyo Ukambani ulipigwa na njaa ambayo wazee waliiita Ngomanisye, na ndui ikaja pamoja nayo. Watu waliikimbilia reli kutafuta chakula, wengine wakavuka hadi nchi jirani, na ugonjwa ukasafiri nao. Wamisionari wa Kiskoti waliokuwa wamefungua kituo Kibwezi mwaka 1891 walikwisha kushindwa na homa za mahali hapo, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1918, homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ilishuka Mombasa, ikapanda bara kwa njia ya reli ileile.

Serikali ya kikoloni iliposhika nchi, kila safari ikapata karatasi yake. Wanaume walivishwa shingoni kitambulisho kilichoitwa kipande. Mwaka 1921 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Umma, iliyowapa wakuu wa serikali uwezo wa kulifunga eneo lenye maradhi. Ila karantini iliyowauma wenyeji wa Ukambani muda mrefu zaidi ilikuwa ya mifugo. Kwa sababu ya sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe, wilaya za Machakos na Kitui ziliwekewa marufuku ya kutoa ng'ombe kwa vipindi virefu. Walowezi waliokuwa na mashamba jirani walilindwa. Mkamba aliyekuwa na ng'ombe thelathini hakuweza kuwaswaga hadi penye bei nzuri. Kisha akalaumiwa kwamba ana mifugo mingi mno na ardhi inamomonyoka.

Mwaka 1938 lawama hiyo ilizaa amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River kuwapokea. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu kutoka Machakos hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Amri ya kuuza kwa nguvu ililegezwa, lakini ile karantini iliendelea kutawala biashara ya mifugo kwa miaka mingi zaidi.

Makueni yenyewe iliwahi kuwa mahali pa kuingia kwa ruhusa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilifungua makazi mapya huko, katika nyika iliyojaa mbung'o. Kabla ya watu kupelekwa, mwindaji J. A. Hunter aliagizwa kuwaondoa vifaru. Kati ya 1944 na 1946 aliua karibu 1,000. Familia zilizopewa ardhi zilipewa pia masharti: mifugo isizidi idadi fulani, shamba lilimwe kwa matuta. Wazee wa Wote wanaozungumza leo juu ya kibali wameurithi msamiati huo kutoka mbali.

Kwa hiyo mwaka 2020, serikali ilipohitaji nguvu za kisheria za kufunga kaunti, haikutunga kitu kipya kabisa. Kanuni za korona zilitolewa chini ya sheria ileile ya 1921.

Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020 na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe: mwanamke wa miaka 27 aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Siku mbili baadaye shule zilifungwa na wageni kutoka nchi zenye maambukizi wakazuiwa. Ilipofika mwisho wa mwezi ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimama, na kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imeanza. Kaskazini mwa Kitui janga hili liliwakuta watu ambao Januari walikuwa wakipambana na nzige.

Hapo ndipo Kitui ilipofanya jambo ambalo linastahili kukumbukwa kuliko hotuba zote za mwaka ule. Huko Syongila, karibu na mji wa Kitui, serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu ilikuwa na kiwanda cha kushona nguo, KICOTEC, kilichokuwa kikishona sare. Mwishoni mwa Machi mafundi waliacha sare, wakaanza barakoa. Dunia nzima wakati huo iligombania barakoa, na nchi zenye pesa nyingi zilikuwa zikinyang'anyana mizigo. Syongila ilitoa hadi 30,000 kwa siku. Barakoa ni kitu kidogo: kitambaa hukatwa, hupigwa mikunjo, hushonwa kingo, kisha utepe wa sikio hufungwa kila upande, na fundi husogeza nyingine chini ya sindano. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake na vijana wa vijijini ambao wengi hawakuwa wamewahi kuona kitu chao kikitafutwa hospitalini nchi nzima. Eneo ambalo kila mwaka wa kiangazi huletewa msaada wa chakula ndilo lililokuwa likitoa msaada.

Makueni ilikuwa na mtaji wa aina nyingine. Tangu 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, familia iliyolipa shilingi 500 kwa mwaka ilitibiwa bila malipo zaidi katika hospitali za kaunti. Ugonjwa ulipofika, watu wengi walikuwa wamezoea kwenda hospitali mapema bila kuuza mbuzi kwanza.

Mtihani wa Makueni ulikuwa barabara. Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ni miji iliyozaliwa na reli na barabara ya Mombasa, na inaishi kwa anayesimama kula nyama, kulala, kununua maembe au kuziba pancha. Treni ya abiria ya SGR, yenye stesheni Emali, Kibwezi na Mtito Andei, ilisimama Aprili. Mabasi ya usiku yaliuawa na kafyu. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, lakini madereva wake ndio walioogopwa kuliko watu wote. Kule mpakani Busia na Malaba walipanga foleni za kilomita nyingi wakingoja majibu ya vipimo, na huku nyumbani mwenye hoteli alijiuliza kama amkaribishe mteja wake wa miaka yote au afunge mlango. Sipendi namna madereva hao walivyosemwa wakati ule. Unga na dawa tulivyotumia vilipita mikononi mwao.

Na kulikuwa na misiba. Mkamba huzikwa nyumbani. Ili mwili utoke Nairobi ilibidi familia iwe na kibali cha mazishi, barua ya chifu na idhini ya polisi, na mazishi yalitakiwa yasizidi watu 15. Ndugu walihesabiana nani aingie garini na nani abaki. Zipo familia Kitui na Makueni ambazo hadi leo hazijamaliza kuomboleza, kwa sababu waliopaswa kutupa udongo kaburini waliona mazishi kwenye simu. Simu hiyohiyo ndiyo iliyobeba kilichobaki cha ukoo: kutoka katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka, Safaricom iliondoa ada kwa pesa zisizozidi shilingi 1,000 zinazotumwa kwa M-Pesa, na mia tatu, mia tano za aliyefungiwa Nairobi zikafika nzima kwa mama yake kijijini.

Mstari uliondolewa tarehe 7 Julai 2020. Sisemi haukuwa na kazi. Vijiji vyetu vimejaa wazee, na ugonjwa ule uliwachagua wazee. Nasema gharama yake ilibebwa na watu walewale wa siku zote.

Ndege za kimataifa zilirejea tarehe 1 Agosti. Msafiri alitakiwa kuwa na cheti cha kipimo cha PCR kisichozidi saa 96 na joto la mwili lisilozidi nyuzi 37.5, na kama nchi yake ilikuwa kwenye orodha ya serikali hakulazimika kukaa karantini. Tanzania haikuwemo kwenye orodha, nayo ikajibu kwa kuzizuia ndege za Kenya Airways. Ugomvi huo ulikwisha katikati ya Septemba. Orodha hiyo ilisomwa kwa makini hata Ukambani. Watalii waliokuwa zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 walipungua mwaka 2020 hadi chini ya 600,000. Mtalii asipotua, lango la Tsavo Magharibi pale Mtito Andei halina magari, na wachongaji wa Kikamba walio Changamwe, Mombasa, hawana wa kuwauzia vinyago. Ufundi huo ulienezwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza. Akina mama wanaosuka vyondo vya katani, ambao fedha zao za karo hutoka kwa mnunuzi wasiyemjua, walisuka na kuweka.

Kisha historia ikajirudia kwa namna iliyowaumiza wengi. Tarehe 26 Machi 2021, Pasaka ikiwa imebakisha siku tisa, Rais alizifunga kwa pamoja Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru. Safari hii Machakos yote ilikuwa ndani, kwa hiyo mstari ulisogea hadi mlangoni: mpaka wa Machakos na Kitui, mpaka wa Machakos na Makueni. Emali na Sultan Hamud ziko mpakani mwa Makueni na Kajiado. Mtu angeweza kuwa na duka upande mmoja na kitanda upande wa pili. Wiki hizohizo Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha yake nyekundu, na serikali yetu ikalalamika kwa sauti kuu kwamba raia wake wanabaguliwa na kufungiwa njia. Malalamiko yalikuwa ya haki. Laiti sauti hiyo ingesikika pia kwa ajili ya mkazi wa Emali.

Kufuli hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Mei 2021. Mengine yalifuata polepole: Uingereza iliiondoa Kenya kwenye orodha Septemba, kafyu ikaondolewa siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, Machi 2022 msafiri aliyechanjwa kikamilifu akasamehewa cheti cha kipimo na barakoa zikaacha kuwa lazima nje. Kufikia katikati ya 2023, baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mwisho wa dharura, masharti ya korona mipakani yalikuwa yamekwisha. Januari 2024 Kenya ilifuta viza na kuweka idhini ya kielektroniki ya kusafiri, eTA, inayoombwa kwa intaneti kabla ya kupanda ndege. Mwaka huo watalii walifika karibu milioni 2.4, wengi kuliko kabla ya janga.

Mwishoni mwa Julai 2024 nchi ilithibitisha kisa chake cha kwanza cha mpox, kwa msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta akitoka Uganda kuelekea Rwanda. Wizara ya Afya ilipeleka wapimaji mipakani na kuwaelimisha madereva wa masafa marefu. Kaunti hazikufungwa, na Krismasi mabasi ya Kitui na Makueni yaliondoka Nairobi yakiwa yamejaa. Sheria ya 1921 imefanyiwa marekebisho mara kadhaa lakini bado inatumika, na waziri bado anaweza kuitumia kufunga barabara. Mabunge ya kaunti za Makueni na Kitui yana haki ya kudai, kabla ya siku hiyo kurudi, iandikwe wazi jinsi maiti itakavyofika nyumbani na nani atamlisha kibarua aliyekwamishwa upande wa pili.