Malengelenge ya kidole gumba: Tiba huanzia kwenye mpini

LENGELENGE kwenye kidole gumba huenda likaonekana jambo dogo. Lakini kwa kibarua wa mjengo anayelipwa kwa siku, kidole hicho ndicho huamua iwapo kesho atafika kazini au atakosa ujira.

Katika mtaa wa Umoja, Eastlands jijini Nairobi, kazi za ujenzi zimekuwapo kwa miongo mingi. Mtaa huo ulianza kujengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa shirika la USAID la Marekani, ukiwa na nyumba za chini. Miaka iliyofuata, wenye nyumba wengi waliongeza vyumba na kuinua maghorofa. Kila ghorofa limepitia mikononi mwa watu wanaoshika beleshi, nyundo na wilbaro kutwa nzima.

Aghalabu lengelenge linapotokea, mwenyewe hushughulikia ngozi pekee na kusahau kifaa kilicholisababisha. Ndiyo maana hupona wiki hii na kurejea wiki ijayo, papo hapo pa awali.

Chanzo chake

Lengelenge la aina hii husababishwa na msuguano. Mpini huishika ngozi ya juu isisogee, ilhali mfupa ulio ndani unaendelea kusogea. Tabaka za ngozi huvutana hadi zikaachana, kisha maji hujaa katika pengo hilo. Jasho huzidisha tatizo kwani ngozi yenye unyevu hunata zaidi kwenye mpini.

Mchezo wa boling, ambapo mchezaji hutia vidole katika matundu ya mpira mzito na kuuviringisha ili uangushe pini, unatoa mfano mzuri. Tundu la kidole gumba likiwa pana mno, mchezaji hulazimika kuubana mpira ili usimponyoke, na ngozi huchubuka. Likiwa jembamba, kidole hukwaruzwa kila kinapotoka. Mafundi wa mchezo huo hawakomei kwenye bendeji: hubandika utepe ndani ya tundu lililo pana, hulainisha ukingo wake, au huliziba na kulitoboa upya.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa beleshi na nyundo.

Jinsi ya kupima mpini

Shika mpini kama unayeanza kazi. Kidole gumba kinapaswa kuuzunguka na kufikia au kupita kidogo ncha ya kidole cha shahada. Kisipofika, mpini ni mnene kwa mkono huo. Kikipita mno, mpini ni mwembamba na mkono utalazimika kuubana kwa nguvu.

Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2004 na NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, unapendekeza kipenyo cha takriban milimita 32 hadi 51 kwa mpini wa kifaa kinachoshikwa kwa nguvu.

Kisha linganisha mahali palipo na lengelenge na sehemu ya mpini inayogusa hapo. Mara nyingi patapatikana kifundo cha mti, ufa, msumari uliojitokeza au saruji iliyoganda. Saruji ibanduliwe, msumari utolewe, na mti usuguliwe kwa msasa. Mpini uliopasuka ubadilishwe, na unaocheza ukazwe kwa kabari, kwa kuwa kichwa cha nyundo kinachotikisika humfanya mtumiaji kukaza mkono kuliko inavyohitajika.

Mpini mwembamba unaweza kunenepeshwa kwa kuuzungushia mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, bila kuacha mikunjo. Mishikio ya wilbaro iliyopoteza mpira na kubaki chuma kitupu nayo ivishwe upya.

Glavu pia zina kipimo. Zilizo kubwa hujikunja kiganjani, na mikunjo hiyo huleta malengelenge mapya.

Kutunza lengelenge

Lengelenge ambalo halijapasuka liachwe hivyo. Ngozi ya juu ndiyo kinga bora dhidi ya viini. Oshwa kwa maji safi na sabuni, lifunikwe kwa bendeji na lipumzishwe. Maji yaliyo ndani hunywewa na mwili baada ya siku chache.

Likiwa kubwa na lenye maumivu makali, linaweza kutolewa maji. Nawa mikono, safisha sindano kwa spiriti, toboa ukingoni, kamua taratibu, lakini usiibandue ngozi. Paka vaselini kisha ufunge bendeji, na uibadilishe kila siku. Mwenye kisukari asijitoboe, bali amwone daktari.

Majivu, dawa ya meno au mafuta ya gari havifai kupakwa, kwani huweza kuingiza uchafu kwenye kidonda.

Hatari ya saruji

Kwa mtu wa mjengo, lengelenge lililopasuka lina hatari nyingine. Saruji mbichi ina ukali wa alikali wa pH 12 hadi 13, unaoweza kuunguza hata ngozi nzima. Maumivu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, wakati ngozi imekwisha kudhurika. Saruji ikiingia ndani ya glavu, zivuliwe mara moja na mkono uoshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20.

Mgonjwa afike hospitalini iwapo kuna usaha, uvimbe unaoongezeka, joto, mistari myekundu inayopanda mkononi au homa. Kwa wakazi wa Umoja, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu. Kidonda kilichoingia udongo pia kinahitaji ushauri kuhusu chanjo ya pepopunda.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wanaokabiliwa na majimaji au vitu vinavyodhuru mavazi ya kinga yanayofaa, zikiwemo glavu zinapohitajika. Kwa hivyo, kibarua anayechanganya saruji ana haki ya kudai glavu kabla ya kukabidhiwa beleshi. Kwa mwenye mjengo, gharama ya msasa, kabari na glavu za kipimo ni ndogo kuliko kumpoteza fundi kwa siku kadhaa.