Amplifaya ndogo ya stereo

Amplifaya ndogo ya stereo ni kifaa cha elektroniki kinachopokea mawimbi dhaifu ya sauti kutoka kwenye simu, kompyuta, televisheni au kicheza CD na kuyaongezea nguvu hadi yaweze kuendesha spika mbili za nyumbani, moja ya kushoto na moja ya kulia. Jina lake lingine ni kikuza sauti. Nyingi kati ya hizi zina ukubwa wa kitabu au chini ya hapo, na hupata umeme kutoka kwenye adapta inayofanana na ile ya kompyuta ya mkononi. Haina spika ndani yake. Ndipo inapotofautiana na redio au sabufa inayouzwa ikiwa kamili.

Kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko ya amplifaya kubwa, hununuliwa sana na watu ambao tayari wana spika nzuri za zamani, au wanaotaka kuanza kununua kidogo kidogo. Ugumu wa kuichagua unatokana hasa na namba za wati zinazoandikwa kwenye boksi, ambazo mara nyingi haziwezi kufikiwa na kifaa chenyewe.

Historia

Kwa miaka mingi amplifaya nzuri ilikuwa sanduku zito. Uzito huo ulitokana na transfoma kubwa ya chuma na shaba, pamoja na mabamba ya alumini ya kupoza transista. Mwaka 1978 kampuni ya NAD kutoka London ilitoa modeli ya 3020, iliyobuniwa na mhandisi Erik Edvardsen. Ilitangazwa kuwa na wati 20 tu kwa kila upande, wakati washindani wake wakijivunia namba kubwa zaidi. Hata hivyo iliweza kutoa karibu mara mbili ya hizo kwa kitambo kifupi, pale muziki ulipohitaji, nayo ikawa mojawapo ya amplifaya zilizouzwa sana duniani.

Njia ya kupunguza uzito ilikuwa imeshafikiriwa tangu miaka ya 1950: amplifaya ya daraja D, wazo ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa la Mwingereza Alec Reeves. Herufi D haimaanishi dijiti kama wengi wanavyodhani; ilifuata tu baada ya madaraja A, B na C. Wazo hilo lilisubiri transista zenye kasi ya kutosha.

Kampuni ya Tripath, iliyoanzishwa na Adya Tripathi huko California mwaka 1995, ilitengeneza chipu za aina hiyo zilizokuwa na sauti safi kwa bei ndogo. Chipu yake TA2020 iliingizwa mwaka 2009 na jarida la IEEE Spectrum kwenye orodha ya chipu 25 zilizotikisa dunia. Kampuni ya Sonic Impact ilitumia chipu ya Tripath katika T-Amp, kijisanduku cha plastiki kilichoweza kuendeshwa kwa betri za kawaida na kuuzwa kwa takriban dola 40 za Marekani. Waandishi wa majarida ya muziki waliokisikiliza walishangaa kuona kinalinganishwa na vifaa vya bei kubwa mno. Tripath yenyewe haikunufaika muda mrefu: ilifilisika mwaka 2007.

Tangu hapo soko limeshikwa zaidi na chipu za Texas Instruments, hasa TPA3116 na TPA3255, zinazotumiwa na kampuni za China kama vile Fosi Audio na Aiyima. Kwa hiyo amplifaya mbili zenye majina na maumbo tofauti zinaweza kuwa na chipu ileile ndani.

Namna inavyofanya kazi

Katika amplifaya ya daraja AB, transista hufanya kazi kama bomba la maji lililofunguliwa nusu: sehemu ya umeme hupita kwenda kwenye spika na sehemu nyingine hupotea kama joto. Katika daraja D transista huwashwa na kuzimwa kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde. Muda wa kuwaka hurefushwa au kufupishwa kulingana na wimbi la sauti. Mwishoni kuna koili na kapasita zinazochuja mipigo hiyo ya haraka ili sauti pekee ifike kwenye spika. Kwa kuwa transista iliyowaka kabisa au kuzimwa kabisa hupoteza umeme kidogo, ufanisi unaweza kuzidi asilimia 90, na bamba dogo la alumini linatosha kuipoza.

Kichujio hicho kina kasoro moja. Kama hakijaingizwa kwenye mzunguko wa kujisahihisha wa amplifaya, sauti nyembamba kabisa hupanda au kushuka kidogo kulingana na spika iliyounganishwa. Ndiyo sababu amplifaya ileile husifiwa na mtu mmoja kuwa na sauti angavu na kulaumiwa na mwingine kuwa imefifia, na wote wawili wakawa wakweli.

Wati za boksi na wati halisi

Namba kubwa kwenye boksi kwa kawaida ni uwezo wa juu wa chipu katika maabara, na volti ya juu, spika ya omu 4 au chini yake, na upotoshaji mkubwa wa sauti. Maelezo ya TPA3116, kwa mfano, yanataja wati 50 kwa kila upande katika spika ya omu 4 kwa umeme wa volti 21, lakini wimbi likiwa limepotoshwa kwa asilimia 10. Kiasi hicho husikika na mtu yeyote. Namba za "PMPO" zinazobandikwa kwenye redio za bei rahisi, zikifika maelfu ya wati, hazina kipimo chochote kinachokubaliwa kimataifa na hazifai kutumiwa kulinganisha chochote.

Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu iliweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya mwaka 1974. Mwaka 2024 iliirekebisha ili kipimo kifanyike kwa omu 8, katika mawimbi yote ya hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji ukiwa chini ya asilimia 1. Bidhaa nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hazielezi kipimo chake namna hiyo, hivyo mnunuzi inambidi apige hesabu mwenyewe.

Hesabu hiyo si ngumu, na namba zake zimeandikwa kwenye adapta. Katika amplifaya nyingi ndogo za daraja D, kilele cha wimbi hakiwezi kuzidi volti ya adapta. Chukua volti hiyo, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika. Adapta ya volti 12 na spika ya omu 8: 144 gawanya kwa 16 ni wati 9. Adapta ya volti 24: 576 gawanya kwa 16 ni wati 36, na baada ya hasara za ndani hubaki kama 30. Kwa omu 4 matokeo huwa maradufu, mradi adapta iweze kutoa mkondo wa kutosha.

Mkondo nao una mpaka wake. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati zote za adapta. Amplifaya iliyoandikwa "300 W × 2" ikiuzwa na adapta ya volti 32 na ampea 5, jumla ya umeme unaoingia ni wati 160. Haiwezi kutoa wati 600 kwa muda wowote wa maana. Hakuna kifaa kinachotoa nguvu kuliko kinachopokea. Ni kweli kwamba muziki huhitaji nguvu nyingi kwa vilele vifupi tu, na kapasita za ndani husaidia hapo, lakini pengo la namba hizo mbili ni la matangazo.

Adapta inaweza kubadilishwa baadaye kwa yenye volti nyingi zaidi ikiwa chipu na kapasita zinaruhusu. TPA3116 hukubali hadi volti 26. Kapasita zilizowekwa na kiwanda huenda zina kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo ni lazima kusoma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kujaribu.

Spika huamua zaidi

Unyeti wa spika hupimwa kwa desibeli kwa umbali wa mita moja ikipewa wati moja. Spika nyingi za nyumbani zina kati ya 84 na 90. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, yaani kidogo sana masikioni. Ili isikike takriban maradufu inahitaji nguvu mara kumi. Maana yake, spika ya desibeli 90 na amplifaya ya wati 25 hulingana kwa sauti na spika ya desibeli 87 na amplifaya ya wati 50. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 hadi 30 za kweli zinatosha watu wengi, na fedha iliyobaki ina faida kubwa zaidi ikitumika kwenye spika.

Omu nazo ni za kuangaliwa. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba upande mmoja huwa omu 4, na zile za omu 4 huwa 2, kiwango ambacho amplifaya nyingi ndogo hazikivumilii. Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya wimbi hukatwa. Sauti huwa kali ya kukwaruza, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inaweza kuungua hata kama amplifaya ina wati chache kuliko spika. Sauti ikianza kukwaruza, punguza.

Matumizi katika Afrika Mashariki

Amplifaya zinazotumia volti 12 hadi 24 zimefaa katika nyumba zenye umeme wa jua, kwa kuwa nyingine huunganishwa kwenye betri moja kwa moja, bila inveta. Volti ya betri ya "12" inapochajiwa hufika 14 na zaidi. Ni vyema kuhakikisha kifaa kinaistahimili, na kuweka fyuzi karibu na betri.

Mbadala wake ni amplifaya kubwa iliyotumika. Hii mara nyingi ina transfoma imara na sauti nzuri, lakini iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni 120, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Ikichomekwa bila transfoma ya kushusha, itaungua. Zungusha pia kitufe cha sauti kabla ya kulipa: kikikwaruza kinahitaji kusafishwa, jambo dogo kwa fundi, mngurumo usiokoma hata sauti ikiwa chini kabisa huashiria kapasita zilizochoka, na hilo hugharimu zaidi.

Wakati wa kuunganisha, nyaya hasi za kushoto na kulia zisigusane wala kuunganishwa na ardhi, kama ilivyozoeleka kwenye redio za gari za zamani. Katika chipu nyingi za daraja D, nyaya zote mbili za kila spika hubeba umeme wa sauti, na kuziunganisha ni kuunguza chipu.

Kichezea santuri kinahitaji kikuzaji chake cha awali, ambacho amplifaya ndogo nyingi hazina. Bluetooth ni ya hiari. Tundu la waya kutoka kwenye simu au televisheni hutosha, na halipotezi mawasiliano mtu anapopita katikati.