Geti Lilihama, Soja Akasahaulika

Ukiwaskiza madevelopa wa siku hizi, utadhani fankisheni zisizo na seva zilishuka kutoka mbinguni. Unaandika kipande cha programu, unakipakia kwa wingu, unalipia tu kikiitwa. Hakuna seva ya kulinda usiku. Poa sana. Lakini mimi nasema hii kitu ina babu, na tusipojua yaliyompata babu, tutaibiwa vile vile alivyoibiwa.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1991, HTTP ya Tim Berners-Lee pale CERN ilikuwa mstari mmoja tu: neno GET, halafu jina la ukurasa. Basi. Hata ile 404 tunayoijua haikuwepo. Kazi ya kuelekeza ombi ilikuwa kutafuta faili kwenye folda.

Mwaka 1993, watu wa NCSA kule Illinois wakaleta CGI. Sasa ombi likifika, seva inaamsha programu, inaipa habari kupitia vitu kama REQUEST_METHOD, PATH_INFO na QUERY_STRING, programu inajibu, halafu inakufa. Soma hapo tena: inaamka, inajibu, inakufa. Si hiyo ndiyo stori ya Lambda? Tofauti kubwa ni kwamba sasa mashine ni ya mtu mwingine, na bili inakuja kwa kila mwito.

Sasa skiza kilichompata babu. Seva za NCSA na Apache zilikuja na programu ya mfano iliyoitwa phf, ya kutafuta watu kwenye kitabu cha simu. Kabla ya kupeleka jina kwa mfumo, ilichuja alama hatari. Lakini iliyeandika orodha ya alama hizo alisahau moja: alama ya kuanza mstari mpya. Mdukuzi alichohitaji ni kuandika %0a kwenye anwani, kisha amri yake, na seva ingemsomea faili ya /etc/passwd kama taarifa ya habari. Kufikia 1996 CERT ilikuwa imetoa tahadhari. Alama moja tu, bana.

Somo langu hapo ni hili: soja mzuri hatembei na orodha ya wezi wote wa Nairobi. Ana orodha ya wageni wanaotarajiwa leo. Usiyemtarajia, haingii.

Miaka ya 2000 ikaleta viunzi kama Rails, kilichotoka 2004. Njia zote zikaandikwa mahali pamoja: anwani hii na GET iende hapa, anwani ile na POST iende pale. Maisha yakawa rahisi, na watu wakalala. Machi 2012, Egor Homakov akatuma fomu kwa GitHub akiwa ameongeza sehemu ambayo fomu yenyewe haikuwa nayo: namba ya mtumiaji mwingine. Mfumo ukakubali, na ufunguo wake ukapata ruhusa ya kuandika kwenye mradi wa Rails wenyewe. Ona vizuri: ombi lilifika mlango sahihi, kutoka kwa mtu aliyeingia kihalali. Hakuna aliyeuliza, "Na hii mzigo ya ziada umebeba ni ya nini?" Kuelekeza na kuhakiki ni kazi mbili tofauti.

Novemba 2014 Amazon ikatangaza Lambda. Mwanzoni iliamshwa na matukio kama faili kupakiwa kwenye hifadhi. Julai 2015 API Gateway ikaipa mlango wa HTTP. Hilo geti linajua njia, linajua GET na POST, na linaweza kupima mwili wa ombi kwa JSON Schema kabla fankisheni haijaamka. Ombi bovu linarudishwa na 400 hapo hapo, na fankisheni yako inaendelea kulala bila gharama. Kisha 2022 Lambda ikapewa anwani zake za moja kwa moja, bila hilo geti. Rahisi, ndio. Lakini sasa kila kitu kiko mikononi mwako: njia, aina ya ombi, na mwili unaofika kama maandishi matupu, ama usiofika kabisa. Tumerudi 1993, tukiwa na nguo mpya.

Na hapa Kenya hii si stori ya mbali. Mteja akilipa kwa STK ya M-Pesa, matokeo yanatumwa kwa POST hadi anwani uliyoiweka wewe, yakiwa JSON yenye ResultCode. Sifuri inamaanisha malipo yamepita. Developa anayesoma hiyo sifuri tu na kutoa mzigo ameacha geti wazi. Mtu yeyote akijua hiyo anwani anaweza kutuma sifuri yake mwenyewe. Atakayeumia si developa. Ni yule dada anayeuza viatu online, aliyetuma pea tatu Kisumu kwa pesa ambayo haikuwahi kuingia.

Dawa yake si ngumu. Kubali POST pekee, mengine rudisha 405. Kagua kama JSON inasomeka. Hakikisha CheckoutRequestID ni ile uliyoihifadhi ulipoomba malipo, kiasi kinalingana, na namba ya risiti haijatumika tayari. Halafu uliza hali ya malipo wewe mwenyewe, kabla mzigo haujatoka.

Shida ni kwamba tutorial nyingi huishia pale mtu anaposema "imefanya kazi!" Kufanya kazi na ombi zuri si ushahidi wa chochote. Hata phf ilifanya kazi.

Kwa hivyo wewe unayejengea watu biashara: leo usiku, itumie fankisheni yako takataka. Itumie mwili mtupu, kiasi hasi, risiti ya jana. Ikisema 200 kwa yote, mwambie mwenye duka kabla mwizi hajamwambia.