Mrututu: Kutoka Majani ya Mzabibu hadi Udongoni

Vitabu vingi vya historia ya kilimo humsimulia Pierre-Marie-Alexis Millardet na kuishia kwenye majani. Mwaka 1882, huko Médoc karibu na Bordeaux, profesa huyo wa botania aliona mizabibu ya kando ya barabara ingali na majani yake, ilhali mingine imepukutishwa na ukungu uliotoka Marekani. Wenye mashamba walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa, si kwa ajili ya ugonjwa, bali kuwatisha wapita njia wasiibe zabibu. (Kwa hiyo wezi nao wanastahili shukrani kidogo.) Mwaka 1885 Millardet alitangaza mchanganyiko wake, ukaenea duniani. Wakulima wa kahawa wa Kenya na Kilimanjaro nao walinyunyizia dawa za shaba kwa miongo mingi kupambana na kutu ya majani na chule buni.

Mvua huiosha dawa kutoka majanini hadi ardhini, na hapo historia ya bakteria huanza. Shaba ni elementi. Haiozi wala haivunjiki, hivyo ya msimu huu hukaa juu ya ile ya msimu uliopita. Ikiingia ndani ya seli ya bakteria, huziendea protini zenye vifundo vya chuma na salfa, ikajifunga kwenye salfa na kukitoa chuma mahali pake. Kimeng'enya kilichopoteza chuma chake hakifanyi kazi tena, na baadhi ya vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyotengeneza asidi amino. Seli inashindwa kukua.

Lakini bakteria wana pampu. Protini iitwayo CopA hukaa kwenye utando wa seli na kutumia nishati ya ATP kuisukuma shaba nje. Miaka ya 1980, watafiti wa California waliwachunguza bakteria wa nyanya waliokuwa hawafi tena kwa dawa ya shaba, wakakuta jeni za ukinzani zimebebwa na plasmidi, yaani kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Jeni hizo wakati mwingine husafiri pamoja na zile za kukinza antibiotiki. Kwetu hili ndilo zito kuliko yote: mkulima anapiga dawa ya ukungu, kumbe anawapalilia bakteria wasiosikia dawa za hospitali.

Tangu 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, hata kwa kilimo hai. Iliyonyunyiziwa kabla ya hapo ingali udongoni.