KARABAI AU SOLA? NANI ANAFAIDI TAA MPYA ZA DAGAA

Wadau wa Rock City na kwingineko, kila ikitajwa nishati safi tunaambiwa habari za mazingira tu. Leo tuiangalie upande wa mfuko. Dagaa wanaouzwa Mwaloni Kirumba na kusafirishwa mpaka Kongo huvuliwa usiku kwa taa. Swali ni moja: nani anailipia hiyo taa, na nani anafaidi ikibadilishwa?

TAA INAFANYA KAZI GANI
Dagaa wa Ziwa Victoria hufuata mwanga. Taa zinaelea juu ya maji, dagaa wakishajikusanya wanavuliwa kwa wavu. Ndiyo maana kazi ni siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali wengi wanapumzika. Kwa miaka mingi taa yenyewe ilikuwa karabai, ile ya kupampu. Mtumbwi mmoja unabeba karabai kadhaa, na kila moja inakunywa mafuta ya taa usiku kucha.

MAFUTA YALIVYOPANDA
Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa. Sababu ilikuwa uchakachuaji: yalikuwa na bei ya chini kuliko dizeli, wajanja wakawa wanayachanganya. Lakini aliyeumia siyo mchakachuaji peke yake. Aliumia pia mama mwenye kibatari nyumbani, na mvuvi wa dagaa ambaye hakuchanganya chochote.

SOLA IKAINGIA
Mwaka 2008, upande wa Kenya, kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo cha kuchaji taa kwa jua pale Mbita. Mvuvi alikuwa anaweka amana, anachukua taa, halafu analipia kuchaji. Baadaye taa za LED zenye betri zikasambaa mialoni ya Tanzania pia. Hakuna moshi, hakuna mafuta kumwagika ziwani. Tatizo ni pesa ya kuanzia: mafuta unanunua lita kwa lita, paneli na betri unatoa mshiko kwa mkupuo. Mwenye mtaji anavuka, asiye nacho anabaki na karabai yake ya gharama.

HESABU YA MGAO
Hapa ndipo penye utamu, soma taratibu. Wavuvi wengi hawana mshahara. Dagaa wakishauzwa, gharama zinatolewa kwanza, kinachobaki wanagawana na tajiri mwenye mtumbwi.

Chukua mfano wa kuelewesha tu. Mauzo ya usiku ni sh. 200,000, mafuta sh. 60,000, mgao nusu kwa nusu. Wavuvi wote kwa pamoja wanapata sh. 70,000, tajiri sh. 70,000. Ikija sola, mafuta ni sifuri, kila upande unapata sh. 100,000. Lakini tajiri akikata ile sh. 60,000 kama "kodi ya taa", wavuvi wanabaki na 70,000 ileile, yeye anaondoka na 130,000. Ziwa limekuwa safi, mfuko wa mvuvi uko palepale.

Tajiri naye ana hoja: taa kanunua yeye, na betri zinakufa. Ni kweli. Basi akate mpaka pesa yake irudi, siyo milele. Hayo yakubalike kabla ya kuingia majini, yaandikwe, na viongozi wa BMU wa mwalo washuhudie.

WANAOSAHAULIKA
Fundi wa karabai na muuza mafuta ya taa wanapoteza kazi. Akina mama wanaoanika dagaa mchangani hawaguswi na sola kabisa: mvua ikinyesha mzigo unaoza kama zamani. Wao wanahitaji vichanja vya kuanikia. Na betri zilizokufa zikitupwa ufukweni, tumebadilisha uchafu tu.

KWA NINI INATUHUSU WOTE
Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mama ntilie anayenunua mkaa wa kupima naye atauliza kama mvuvi: pesa ya mtungi na ya kujaza gesi natoa wapi? Watu hawapingi nishati safi. Wanapinga kubebeshwa gharama huku faida inakwenda kwa mwingine.

Wale wa Kirumba, Igombe na Ukerewe, kwenu mgao ukoje? Tajiri anakata ngapi ya taa? Mwageni data hapo chini.

Nawasilisha.